Kipanya changu hukwama kila picha zinapopita kwenye mtandao

Mshauri,

Natumai u mzima. Mimi ni mama wa mapacha, naishi Mamboleo hapa Kisumu, na riziki yangu kubwa hutoka katika kutengeneza vijitabu vya mazishi. Familia huniletea wasifu wa marehemu, ratiba ya ibada na picha, nami napanga kurasa na kuchapisha. Huku kwetu mazishi mengi huwa Ijumaa na Jumamosi, kwa hivyo Jumatano na Alhamisi usiku ndipo kazi hunibana.

Nyumbani kuna kompyuta mbili. Ya mezani iko sebuleni, na ndiyo ninayofanyia kazi. Ya pili ni laptopu ya wanangu, iko chumbani kwao. Picha zote hukaa humo kwa sababu wao ndio huzipokea kwenye WhatsApp na kuzisafisha. Mpwa wangu aliziunganisha kwa waifai ya nyumbani, basi mimi hufungua folda ya chumbani nikiwa nimeketi sebuleni, bila kubeba flashi. Printa nayo imeunganishwa vivyo hivyo. Ruta iko juu ya kabati ya televisheni.

Taabu yangu ni kipanya. Ni kile kisicho na waya. Asubuhi nikiandika tu wasifu, kinateleza vizuri. Nikianza kuvuta picha kutoka chumbani, kishale kinakuwa kizito. Nasogeza mkono, hakiendi, halafu ghafla kinaruka hadi ukingo wa skrini. Nataka picha ikae ndani ya fremu, inaangukia juu ya jina. Wiki iliyopita alikuja mjane, akaketi kando yangu kunionyesha picha anazozitaka, na nikawa nahangaika na picha ya mumewe mbele ya macho yake, inakwenda huku na huku. Niliona aibu sana, na yeye hakustahili kuona hayo.

Nimebadilisha betri. Nikanunua kipanya kingine pale Oginga Odinga Street, pia kisicho na waya, nacho kikaanza yale yale. Fundi mmoja ameniambia ni virusi, nifomati na kuweka Windows upya kwa shilingi 2,500. Jirani naye anasema huenda kuna mtu ameingia kwenye mtandao wetu na anaisukuma kompyuta kutoka nje. Hilo limeninyima usingizi, maana humo mna majina, nambari za simu na nakala za vitambulisho vya watu.

Kompyuta yenyewe ni ya mtumba kutoka Uingereza, yenye Windows 10. Nyuma yake nimechomeka diski ya nje ya kuhifadhia kazi za zamani, na hapo hapo kando kuna kijidude cha kipanya na kingine cha waifai. Nifanye nini kabla sijatoa pesa?

Mama Mapacha, Mamboleo

JIBU

Mama Mapacha, usifomati. Angalau usifomati kwa sababu hii. Sentensi yako ya mwisho kuhusu vitu vilivyochomekwa nyuma ya kompyuta imenipa fununu kubwa kuliko maneno yote ya fundi. Ukiongezea kwamba ugonjwa huja picha zinapoanza kusafiri na kuondoka zinapokwisha, na kwamba vipanya viwili tofauti vimeugua kwa namna moja, basi hatuna haja ya kumtafuta mchawi mbali. Nashuku sana kwamba kipanya chako ni kizima, ila sauti yake inamezwa.

Kipanya kisicho na waya huongea na kile kijidude chake, tukiite kipokezi, kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4. Waifai ya kawaida hutumia mawimbi hayo hayo. Eneo lote hilo ni jembamba, kuanzia megahezi 2,400 hadi 2,483 na ushei, na ndani yake wanabanana waifai yako, waifai za majirani, spika na vifaa vya masikioni vya Bluetooth, hata oveni ya maikrowevu. Unapoandika wasifu, adapta yako ya waifai, yaani kile kijidude kingine, inakaa kimya muda mwingi, kwa hivyo kipanya kinasikika. Unapovuta picha hamsini kutoka chumbani, adapta hiyo inaongea mfululizo, na iko sentimita chache tu kutoka kwa kipokezi cha kipanya. Kipanya chenyewe kina nguvu ndogo mno, maana betri moja inatakiwa ikikalie miezi. Ni sawa na kunong'ona kando ya mashine ya posho ikiwa inasaga.

Kipanya cha kawaida huarifu kompyuta kimefika wapi takriban mara 125 kwa sekunde. Taarifa chache zikipotea hutaona kitu. Zikipotea nyingi mfululizo, kishale kinasimama, na taarifa inayofuata ikifika salama, kinaruka. Huko kusimama na kuruka ulikokueleza ndiko hasa kunakotokea redio inapozidiwa.

Halafu kuna ile diski ya nje. Itazame mahali ulipoichomeka. Kama tundu lina rangi ya buluu ndani, hilo ni tundu la USB 3.0. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha maelezo ikionyesha kwamba vifaa vya USB 3.0, pamoja na waya na matundu yake, hutoa kelele ya redio inayoangukia humo humo kwenye gigahezi 2.4, na kwamba kipokezi cha kipanya kilicho karibu huathirika. Haimaanishi diski yako ni mbovu. Ndivyo teknolojia hiyo ilivyo: data inapita kwa kasi ya gigabiti 5 kwa sekunde, na kasi hiyo ina kelele yake. Kwa hiyo nyuma ya kompyuta yako kipokezi kimebanwa kati ya wapiga kelele wawili, na kati yake na mkono wako kuna kasha zima la chuma.

Lakini mimi siioni meza yako, na sitaki utoe hata shilingi kwa makisio yangu. Tupime kwanza.

Azima kipanya chenye waya, kile cha kawaida kabisa. Ukikikosa kwa jirani, hata cyber watakuazima kwa nusu saa. Fungua programu ya Paint, shika kitufe cha kushoto, uchore miduara mikubwa ya haraka ukitumia kipanya chako cha sasa huku hakuna kinachonakiliwa. Utapata mistari ya mviringo, laini. Sasa anza kunakili folda nzito kutoka laptopu ya chumbani, folda ya video ikiwezekana ili isikwishe mapema, kisha chora tena. Tazama mstari wenyewe: kama mduara umegeuka kuwa kitu chenye pembe, vipande virefu vilivyonyooka vinavyokutana kwenye kona, hapo unaziona kwa macho taarifa zilizopotea. Kila kipande kilichonyooka ni muda ambao kompyuta haikusikia chochote kutoka kwa kipanya.

Huku faili zikiendelea kunakiliwa, chomeka kipanya chenye waya na uchore tena. Hapa ndipo jibu lilipo. Mduara ukirudi kuwa laini, kosa ni la redio, na hakuna fomati duniani itakayoliponya, kwa sababu Windows haihusiki. Mduara ukibaki na pembe hata kwa waya, basi kompyuta yenyewe inalemewa, na hilo nitalifikia.

Zipo dalili zinazofanana na hii lakini si hii. Wakati mwingine kishale kinatembea vizuri kabisa, ila dirisha la folda au la kazi yako ndilo limeganda na kukuandikia kwamba halijibu. Hilo si tatizo la kipanya. Mara nyingi hutokea kompyuta inapomtafuta mwenzake ambaye hayupo: wanao wamefunga laptopu, folda iliyounganishwa haipatikani, na Windows inasubiri hadi ikate tamaa. Nawe ukiwa na haraka ya Alhamisi usiku unaona vyote ni "kukwama". Jizoeze kujiuliza: kilichosimama ni kishale, au ni dirisha?

Sasa tiba, tukichukulia kwamba ni redio.

Kwa nyumba yako kuna moja ninayoipenda kuliko zote, na sijui kwa nini mafundi wengi hawaitaji. Ruta iko juu ya kabati ya televisheni, kompyuta ya mezani iko sebuleni humo humo. Nunua kebo ya mtandao yenye urefu wa kukutosha, chomeka upande mmoja kwenye ruta na mwingine kwenye tundu la mtandao nyuma ya kompyuta, kisha uing'oe kabisa ile adapta ya waifai. Kompyuta za mezani za ofisi zinazokuja za mtumba kutoka Uingereza huwa na tundu hilo, la mraba, kubwa kidogo kuliko la simu ya zamani. Kebo ya namna hii hufanya kazi hadi mita 100, kwa hivyo sebule si kitu. Laptopu na printa zitabaki kwenye waifai na utaendelea kuziona kama kawaida, mradi zote zinatumia ruta ile ile. Utakuwa umemtoa mpiga kelele mkubwa kando ya kipokezi chako, na picha zenyewe zitakuja kwa utulivu zaidi kwa kuwa njia ya hewani sasa inatumiwa na upande mmoja tu.

Ipitishe kebo ukutani au chini ya zulia pembeni, isikanyagwe na mlango.

La pili hata halihitaji kebo ya mtandao. Toa kipokezi cha kipanya nyuma, kichomeke mbele ya kompyuta, upande ulio karibu na mkono wako. Kama mbele nako kuna tundu la buluu na lingine jeusi au jeupe, chagua lisilo la buluu. Bora zaidi, tafuta waya mfupi wa kurefusha USB, uchomeke nyuma, na kipokezi ukilaze juu ya meza karibu na kipanya. Ni kitu cha bei ndogo, na kimeokoa vipanya vingi ambavyo wenyewe walikuwa tayari kuvitupa. Diski ya nje nayo isogeze mbali, au uichomoe wakati wa kupanga kurasa na kuichomeka tu unapohifadhi kazi iliyokwisha.

Ruta nyingi za siku hizi hutoa waifai ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Kama yako inayo ya 5 na laptopu ya wanao inaweza kuipokea, ihamishie huko. Kipanya hakifiki kwenye mawimbi hayo. Tatizo lake ni kwamba haipenyi kuta vizuri, kwa hivyo pima chumbani kwanza mlango ukiwa umefungwa. Habari ya kubadilisha chaneli za ruta, ile ya 1, 6 na 11 ambazo haziingiliani, iache hadi mwisho. Inasaidia pale majirani wanapobanana kama kwenye fleti, lakini kwako kelele inatoka ndani ya kompyuta yako mwenyewe.

Na kuna jambo la utaratibu wa kazi, mama, ambalo ningekuomba ulibadilishe hata kipanya kikipona. Usipange kurasa kwa picha zinazokaa kwenye kompyuta nyingine. Picha moja ya simu ya sasa inaweza kuwa na megabaiti nne au tano, na programu ya kupangia kurasa inaweza kuziendea tena na tena kila unaposogeza ukurasa au kuchapisha. Kwa kila marehemu fungua folda moja kwenye kompyuta yako ya sebuleni, nakili picha zake zote humo mara moja, unywe chai, kisha uanze kupanga. Stima ikipotea chumbani, mwana akifunga laptopu na kwenda zake, au waifai ikiyumba, wewe una kila kitu mkononi. Mjane akiwa ameketi kando yako, asikusubirie mtandao.

Sasa turudi kwenye uwezekano wa pili, kwamba kipanya cha waya nacho kimechora pembe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager, dirisha linaloonyesha kompyuta inalemewa wapi, itafunguka. Tazama safu za juu wakati picha zinanakiliwa. Diski ikikaa kwenye asilimia 100 dakika baada ya dakika, diski ya ndani imechoka au ni ya zile za zamani zinazozunguka. Hifadhi nakala ya kazi zako siku hiyo hiyo, kisha umwombe fundi akuwekee SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka. Kwa kompyuta ya mtumba, hakuna badiliko moja linaloipa uhai zaidi. Kumbukumbu (Memory) ikijaa, nawe una gigabaiti 4 tu, ongeza iwe 8. Kama prosesa (CPU), ubongo wa kompyuta, ndiyo inayopanda, na sauti nayo inakatikakatika huku kishale kikikwama, shuku draiva, ile programu inayoiongoza adapta ya waifai. Ing'oe adapta, tumia kebo, uone. Halafu lifungue kasha, mwombe fundi apulize vumbi kwenye feni. Kwa joto la Kisumu mchana, prosesa isiyopata hewa hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue.

Kuhusu yule mtu wa nje anayesukuma kompyuta. Lala, mama. Anayeiendesha kompyuta kutoka mbali hutaka kufika mahali: kishale kinakwenda chenyewe kwenye kitufe, dirisha linafunguka, kitu kinabonyezwa bila mkono wako. Chako kinakwama unapokisogeza na kinaruka kuelekea ulikokisogeza. Huo si mwendo wa mtu.

Ila hofu yako juu ya nakala za vitambulisho ni ya haki, na kuna mwanya mmoja unaopaswa kuuziba. Je, wateja wakija huwapa nywila ya waifai wakisubiri? Wengi hufanya hivyo kwa ukarimu. Mgeni akiwa ndani ya waifai yako, na kama mpwa wako aliifungua ile folda kwa kila mtu bila nywila, anaweza kuiona kwenye simu yake. Fungua waifai ya wageni kwenye ruta, ruta nyingi zinayo siku hizi, na hiyo ndiyo uwape. Ya nyumbani ibadilishe nywila. Nywila ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta, ile iliyobandikwa chini yake, nayo ibadilishwe. Na mpwa arudi aifungie folda iwe ya akaunti yako na ya wanao tu.

Fundi ana hoja katika jambo moja ambalo huenda hakulisema: Microsoft ilimaliza muda wa kawaida wa kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mtu anayeshika data za watu hafai kubaki nayo milele. Lakini Windows 11 rasmi haikubali karibu prosesa zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, na kompyuta nyingi za mtumba ziko chini ya hapo. Muulize prosesa yako ni ya kizazi gani kabla hujampa shilingi 2,500. Jambo hilo lina wakati wake, baada ya kipanya, na baada ya kuwa na nakala ya kazi zako zote nje ya kompyuta, kwa sababu kufomati bila nakala kunaweza kukuondolea miaka ya kazi.

Fanya vipimo hivi Jumapili jioni au Jumatatu, usingoje Alhamisi. Ikitokea kazi imekufikia kabla hujapata kebo, ibonyeze picha mara moja kuichagua, kisha isogeze kwa vitufe vya mishale kwenye kibodi. Itakwenda hatua ndogondogo hadi ndani ya fremu bila kuruka. Kikianguka kitu mahali pasipofaa, Ctrl na Z. Na kama unataka kishale chenyewe kitembee kwa kibodi, bonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock kwa pamoja, ukubali, kisha utumie namba za upande wa kulia.

Ukishachora ile miduara, niandikie mambo matatu: kipanya cha waya kilichora nini, tundu la diski lina rangi gani, na Task Manager ilionyesha nini wakati picha zinanakiliwa. Kwa hayo nitaweza kukuambia kama kuna haja ya kumwita fundi, na umwambie afanye nini.